Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Vyuo Vikuu, Utafiti na Vyama vya Msingi Kilosa na Mikumi

Wazee walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika wilaya ya Kilosa, pamoja na mji wa Mikumi na vijiji vilivyo jirani na hifadhi, wapo wageni wa namna moja ambao wamekuwa wakifika tangu zamani, nao ni watafiti wa vyuo vikuu. Huja na madaftari na mizani, huuliza ukubwa wa shamba, idadi ya magunia yaliyovunwa, chakula kilicholiwa jana na kuni zilizotumika kukipika. Mwanachama huacha jembe lake, huketi kitako saa mbili au zaidi akijibu, kisha mgeni hushukuru na kwenda zake. Baada ya hapo swali hubaki kijijini: mwenyeji amepona nini?

Swali hilo ni la haki, na halipaswi kujibiwa kwa kunung'unika pembeni. Makala haya yanaeleza jinsi ushirikiano wa vyuo vikuu vya nchi mbalimbali unavyofanya kazi, umewahi kuleta nini katika wilaya hii, na ni mambo gani ambayo Katibu, Bodi na wanachama wa chama cha msingi hawana budi kuyatengeneza mapema ili faida ibaki baada ya mgeni kuondoka.

MANENO MATATU YA KUFAHAMU

Barua za vyuo vikuu zinazofika katika ofisi za vyama huwa na maneno matatu yanayorudiwa mara kwa mara. La kwanza ni ubunifu. Maana yake ni njia mpya ya kufanya kazi ya zamani, yenye nafuu kuliko ile iliyokuwapo. Si lazima iwe mashine kubwa. Namna mpya ya kufunga gunia ni ubunifu pia. La pili ni ujasiriamali, yaani kuichukua njia hiyo mpya na kuifanya shughuli yenye mapato, huku mwenye shughuli akikubali kwamba anaweza kupata au kupoteza. La tatu ni maendeleo endelevu. Hayo ni maendeleo yanayotimiza mahitaji ya leo pasipo kuwanyang'anya watoto ardhi, maji na misitu watakayoihitaji kesho.

Mambo hayo matatu hufuatana. Ubunifu usiopata mtu wa kuufanyia biashara hufia katika kitabu cha mtafiti. Biashara inayokula msitu wote katika miaka mitano hufa pamoja na msitu wenyewe.

HISTORIA FUPI

Wilaya ya Kilosa haikuanza jana kuonana na utafiti. Kituo cha Ilonga, kilicho karibu na mji wa Kilosa, kilijulikana kwanza kwa pamba, na baadaye kikawa makao ya mpango wa taifa wa utafiti wa mahindi. Mbegu za Staha na Kito, zilizotolewa mwaka 1983, na TMV-1, iliyotolewa mwaka 1987, zilitokana na mpango huo, ambao ulishirikiana na vituo vya kimataifa vya utafiti. Wakulima wengi wamezipanda mbegu hizo bila kujua kwamba nyuma yake kulikuwa na ushirikiano wa watu wa mataifa mbalimbali.

Mjini Morogoro, chuo cha kilimo kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kilikuja kuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yaani SUA, kwa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliyefariki dunia mwaka huohuo. Tangu miaka ya 1970 chuo hicho kimekuwa na uhusiano na chuo kikuu cha kilimo cha Norwe kilichoko Ås. Kuanzia mwaka 2011 kilishirikiana pia na kundi la vyuo vikuu vya Marekani likiongozwa na Ohio State University, katika mpango wa kusomesha Watanzania shahada za juu za kilimo. Mwaka huohuo wa 2011 wahitimu wa SUA walianzisha chama chao wenyewe cha ushirika, kiitwacho SUGECO, ili kuwaingiza vijana wasomi katika biashara za kilimo. Ni jambo la kutia moyo kwamba wasomi hao, walipotafuta namna ya kuunganisha nguvu zao, waliuchagua ushirika.

Kwa upande wa Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani na Uingereza walianza katika miaka ya 1970 kuchunguza maisha ya nyani. Kazi hiyo ilidumu miaka mingi na kuleta elimu kubwa duniani. Hata hivyo, mkulima wa pembeni mwa hifadhi, ambaye nyani humjia shambani bila daftari, alikuwa na maswali yake mwenyewe. Hapa panaonekana tofauti iliyopo kati ya utafiti unaofanyika mahali fulani na utafiti unaofanyika pamoja na watu wa mahali hapo.

MRADI WA ILAKALA NA CHANGARAWE

Mfano mzuri wa utafiti wa aina ya pili ni mradi uliojulikana kwa jina la Trans-SEC, uliofanyika kati ya mwaka 2013 na 2018. Upande wa Ujerumani ulikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha ZALF kilichoko Müncheberg, Chuo Kikuu cha Humboldt cha Berlin na Chuo Kikuu cha Hohenheim, pamoja na taasisi nyingine. Upande wa Tanzania ulikuwa na SUA, kituo cha Ilonga na mtandao wa wakulima wa MVIWATA, miongoni mwa wengine. Fedha zilitoka katika serikali ya Ujerumani.

Mradi ulichagua mikoa miwili yenye hali tofauti. Dodoma hupata mvua ya kiasi cha milimita 350 hadi 500 kwa mwaka, na Kilosa katika mkoa wa Morogoro kiasi cha milimita 600 hadi 800. Katika Kilosa vijiji vya kazi vilikuwa Ilakala, kilicho upande wa kuelekea Mikumi, na Changarawe. Mwaka 2014 kaya zipatazo 900 katika vijiji sita vya mikoa hiyo miwili zilihojiwa ili ijulikane hali ya chakula kabla kazi haijaanza.

Lililo muhimu kwa wanaushirika ni namna mambo ya kujaribiwa yalivyochaguliwa. Wataalamu walileta orodha, nao wakulima wakashirikishwa kuyapima na kuchagua yaliyowafaa, kisha vikundi vikaundwa, kila kikundi na shughuli yake. Katika orodha hiyo yalikuwamo matuta yaliyofungwa ili maji ya mvua yasikimbie, na mbolea kidogo inayotiwa karibu na mbegu badala ya kutawanywa shamba zima. Kulikuwa pia na majiko banifu yanayopunguza kuni, mashine ya kupukuchua mahindi, mifuko ya kuhifadhia nafaka, bustani za mboga za nyumbani, elimu ya lishe na upandaji wa miti.

Mambo hayo hayalingani kwa uzito wa gharama. Matuta yanadai nguvu za mtu na jembe lake. Jiko banifu linadai udongo, matofali na fundi aliyefundishwa. Mfuko unadai fedha kidogo kila baada ya misimu michache. Mashine inadai mafuta, vipuri, mwendeshaji na hesabu. Kadiri jambo linavyodai fedha na usimamizi wa pamoja, ndivyo linavyohitaji chama imara nyuma yake. Mambo mawili kati ya hayo yafaa yaelezwe kwa urefu.

MFUKO WA KINGA NJAA

Mfuko wa PICS, ambao wengi huuita mfuko wa kinga njaa, ulianza mbali na Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtaalamu wa wadudu Larry Murdock, wa Purdue University ya Marekani, alishirikiana na watafiti wa Kameruni kutafuta namna ya kuwasaidia wakulima ambao kunde zao ziliharibiwa na wadudu ghalani. Jibu walilolipata lilikuwa rahisi: mifuko miwili ya plastiki imara, mmoja ndani ya mwingine, yote ikiwa ndani ya mfuko wa nje wa kawaida. Kila mmoja hufungwa peke yake kwa nguvu. Wadudu waliomo huitumia hewa iliyobaki mpaka ikawaishia, wakaacha kula na kuzaana, na hatimaye wakafa. Dawa haihitajiki.

Ubunifu huo ulipohamishwa kutoka kwenye kunde kwenda kwenye mahindi, Tanzania ilikuwa na sababu ya pekee ya kuupokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alionekana mkoani Tabora mdudu mpya kutoka Amerika, yaani dumuzi, ambaye wananchi walimpa jina la Scania kwa jinsi alivyokuwa na nguvu kama lori. Tangu hapo mkulima mwingi amelazimika kuuza mahindi yake mara baada ya mavuno, bei ikiwa chini, kwa kuogopa kuyakuta unga mtupu baada ya miezi michache. Anayeweza kuhifadhi hujinunulia muda wa kungoja bei nzuri.

Lakini mfuko una masharti. Nafaka iwe kavu kabisa, kwa kuwa mahindi mabichi yaliyofungwa pasipo hewa huoza na kuota kuvu yenye sumu. Njia nyepesi ya kupima ni hii: tia chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo pamoja na mahindi, tikisa kwa muda, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji. Aidha, mfuko usiburutwe sakafuni wala kuwekwa mahali penye panya, kwa sababu tundu moja huharibu kazi yote.

Katika mfuko huu ndipo ujasiriamali unapoonekana waziwazi. Haukuenea kwa kugawiwa bure peke yake. Ulienea ulipopata viwanda vya kuutengeneza, na Tanzania ikiwamo, pamoja na mawakala wa kuuza na wakulima waliokuwa tayari kuununua kwa fedha zao. Chama cha msingi chaweza kuwa kiungo katika mlolongo huo kwa kununua kwa jumla kabla ya mavuno, kuwakopesha wanachama, na kukata deni wakati wa mauzo. Kazi hiyo ni ya kawaida kwa ushirika, wala haihitaji mfadhili.

MASHINE NI YA NANI?

Mashine ya kupukuchua mahindi huwapunguzia akina mama na vijana kazi ya siku nyingi ya kupiga magunzi kwa fimbo. Faida yake haina ubishi. Ugumu huanza pale mradi unapofungwa. Wakati mradi ukiwapo, kipuri kikivunjika, gari la mradi hukileta. Mradi ukiisha, mashine hubakia na mwenye nayo, naye ni lazima ajulikane.

Ili Makatibu waone jambo hili kwa tarakimu, ichukuliwe hesabu ya mfano tu. Tuseme mashine ina thamani ya shilingi 3,000,000 na inatazamiwa kufanya kazi misimu mitano. Katika msimu mmoja imepukuchua magunia 900 kwa ada ya shilingi 2,000 kila gunia. Mapato ni shilingi 1,800,000. Mafuta yamegharimu shilingi 450,000, mwendeshaji amelipwa shilingi 450,000, na matengenezo yamechukua shilingi 250,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 1,150,000, na kilichobaki ni shilingi 650,000.

Kikundi kisicho na mazoea ya hesabu kitasema kwamba faida ni shilingi 650,000, na kitagawana. Lakini mashine imechakaa kwa sehemu moja ya tano ya thamani yake, yaani shilingi 600,000. Fedha hizo zapasa ziwekwe katika akaunti ya uchakavu, zisiguswe. Ziada ya kweli ni shilingi 50,000. Aliyegawana shilingi 650,000 amegawana mashine yenyewe kipande kipande, na katika msimu wa sita atabaki na chuma kilicholala chini ya mwembe, huku kila mtu akiulaumu mradi. Kwa kuwa mashine ilikuja kama msaada, hakuna aliyeona haja ya kuihesabia uchakavu. Kosa hilo halitoki kwa mgeni wala kwa mkulima. Latokana na kutokuwapo kwa leja.

Hapa ndipo chama cha msingi kina nguvu ambayo kikundi cha mradi hakina. Chama kina uandikishaji, vitabu, Bodi inayowajibika na Mkutano Mkuu. Hesabu zake hukaguliwa, na Mrajis anayo mamlaka ya kuuliza. Mradi una tarehe ya kufungwa, ilhali chama kimeandikishwa ili kiendelee.

MSITU NA TEMBO

Neno la tatu, maendeleo endelevu, lina mfano wake katika wilaya hiihii. Kuanzia mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya Kilosa viliingia katika mpango wa mkaa endelevu, ulioendeshwa na mashirika ya Tanzania ya TFCG, MJUMITA na TaTEDO kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Badala ya kukata ovyo, kijiji kilitenga sehemu ndogo ya msitu wake na kuigawa katika vitalu. Kitalu kilichovunwa huachwa kichipue kwa miaka 24 kabla ya kurudiwa, na ushuru wa mkaa huingia katika mfuko wa kijiji kwa ajili ya huduma za wote. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu vijiji vilikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo. Pasipo haki ya kijiji juu ya msitu wake, ujuzi wa tanuri bora ungeongeza tu kasi ya kuumaliza msitu.

Kwa wanachama wa upande wa Mikumi, tatizo kubwa zaidi laweza kuwa tembo. Katika jambo hili pia kuna ujuzi uliotoka chuoni. Mtafiti Lucy King, aliyesomea Chuo Kikuu cha Oxford, alithibitisha nchini Kenya kwamba tembo huogopa nyuki, na kwamba mizinga iliyounganishwa kwa waya kuzunguka shamba hupunguza uvamizi. Uzio huo umejaribiwa pia Tanzania, upande wa Udzungwa. Haumzuii kila tembo, na hautendi kazi kama mizinga haina nyuki. Hata hivyo, tofauti na uzio mwingine, huu huweza kutoa asali ya kuuza. Chama kinachofikiria kuutumia kwanza kihesabu ni nani atakayekagua mizinga na nani atakayenunua asali.

UTAFITI USICHOWEZA

Ingekuwa kuwadanganya wanachama kusema kwamba elimu ya chuo kikuu hutibu kila ugonjwa. Mwezi Agosti 2017 serikali ya India iliwekea mipaka mbaazi zinazoingia nchini humo, tani 200,000 tu kwa mwaka. Bei ya mbaazi ikaanguka nchini Tanzania. Mkulima aliyepanda mbegu bora na kuvuna vizuri aliumia sawa na jirani yake, na pengine zaidi, kwa kuwa alikuwa amevuna nyingi. Utafiti wa shambani huongeza mavuno. Soko ni jambo la kuungana, kuuza pamoja na kutotegemea mnunuzi mmoja. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa chuo chochote.

MASWALI YA KATIBU

Mgeni wa utafiti anapofika, apokewe kwa heshima, na Katibu aandike majibu ya maswali yafuatayo kabla wanachama hawajaitwa:

1. Je, ana kibali? Mtafiti kutoka nje hutakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Aidha, afike kwa barua ya wilaya. Kumwomba kibali si utovu wa adabu.

2. Ni chuo gani cha Tanzania kinachoshirikiana naye? Hicho ndicho kitakachopatikana Morogoro au Moshi baada ya ndege kuondoka.

3. Wanachama watatumia siku ngapi za kazi, na katika majira gani? Mahojiano ya wakati wa palizi humgharimu mkulima kuliko ya wakati wa kiangazi.

4. Vifaa vitakavyoletwa ni mali ya nani siku mradi utakapofungwa? Jibu liandikwe katika hati ya makubaliano, liwekwe sahihi, na vifaa viingizwe katika daftari la mali za chama.

5. Matokeo yatarudishwa lini, na kwa Kiswahili? Chama kidai mkutano mmoja wa kusomewa matokeo na nakala moja ya kuhifadhiwa ofisini. Taarifa iliyochapishwa Berlin au Ohio bila kurudi Ilakala imemfaa msomaji mmoja na kumwacha mwingine.

6. Ni kijana gani wa chama atakayefundishwa kuendesha, kutengeneza na kuandika hesabu? Ni vema wawe wawili, ili mmoja akihama kazi isisimame.

Majibu hayo yasomwe mbele ya wanachama na yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano. Chama kisichokuwa na hakika juu ya lugha ya mkataba kimwone Afisa Ushirika wa Wilaya. Chaweza pia kuomba ushauri wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho kilianza mwaka 1963 kikiwa Chuo cha Ushirika, na kikapata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2014.

Vilevile si lazima chama kingoje kutafutwa. Chama chenye tatizo lililoandikwa vizuri, kwa mfano idadi ya magunia yanayopotea ghalani kila mwaka, chaweza kulipeleka Ilonga au SUA na kuomba lifanyiwe utafiti. Chuo hutafuta maswali kama vile mkulima anavyotafuta mvua. Swali linapotoka kwa wanachama wenyewe, jibu lake hupata mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Wazee waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema pia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makatibu wakumbuke kwamba jembe hilo lapaswa kuwa tayari nyumbani kabla mgeni hajabisha hodi. Kwa chama cha msingi, jembe ni daftari la mali, hati ya makubaliano na akaunti ya uchakavu.